Jioni Niliyojifukiza Hekaluni

Mtoto wa jirani yangu alikuja kutoka ng'ambo kumchukua mama yake, na mama yake hakutaka kuchukuliwa. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe. Halikunihusu hata kidogo, lakini mimi mambo yasiyonihusu ndiyo ninayoyajua vizuri zaidi, na mtaa mzima wa Chumbageni unaweza kunitolea ushahidi.

Jirani huyu ni Baniani, mjane kama mimi, na amenizidi umri wa kutosha nimwite dada na kumwamkia shikamoo kila asubuhi juu ya ukuta mfupi wa uani. Hujibu marahaba, kisha huniuliza kama nimekunywa chai. Nikisema bado, kikombe kinapitishwa ukutani, kina tangawizi ya kumtoa mtu machozi. Kazaliwa Tanga, kaolewa Tanga, na akikasirika huporomosha Kidigo ambacho mimi, mjukuu wa Wadigo, nakisikia nikabaki kutikisa kichwa kama mgeni. Jicho lake moja limeshatolewa mtoto wa jicho, la pili bado. Mchana anaona kila kitu, hata vile ambavyo ningependa asivione. Giza likianza kuingia, ndipo njia inapomtatiza.

Na jioni ndiyo saa yake ya kwenda hekaluni. Zamani walikuwa wakienda kundi zima la wanawake, wakicheka njia nzima. Wengine wakahamia Dar es Salaam, wengine wakafuata watoto wao ng'ambo, wengine wakafariki. Akabaki akienda peke yake kwa kupapasa kuta za watu, mpaka siku aliyoanguka. Hakuvunjika popote, lakini habari ilipofika ng'ambo ilikuwa imenenepa njiani, na kijana akapanda ndege.

"Anasema nimebaki peke yangu," dada aliniambia ukutani. "Anasema nimwonyeshe mtu mmoja tu wa kunishika mkono jioni, naye atarudi aniache na nyumba yangu. Akimkosa huyo mtu, naondoka naye."

"Nawe umemwambiaje?"

"Nimemwambia yupo. Nimekutaja wewe."

Hakuwa ameniuliza. Mtu mwenye busara angekaa chini akafikiri. Mimi nilisema, "Hilo tu, dada?" nikaendelea kuanika nguo, na nikagundua baadaye kwamba nilikuwa nimeanika pamoja na zile ambazo sijazifua. Nilikuwa nimeogopa. Kuamka asubuhi niseme shikamoo halafu ukuta usijibu, hilo sikutaka hata kulikaribia kwa mawazo. Nikaona afadhali nilichukue jambo lote kama kazi ya kumsaidia mzee asiyeona jioni. Mimi ni hodari wa kusaidia watu, hasa wale ambao hawajaomba.

Tatizo lilikuwa moja: sikuwahi kuingia hekaluni. Miaka yote ya ujirani wetu nilisikia kengele ile jioni, nikajua saa imefika ya kuteremsha sufuria, na basi. Yeye kwangu ameingia kila mahali. Idi anakuja na sinia la vitamtamu, Ramadhani ananiletea kachori za kufuturia, na mume wangu alipofariki alikaa mkekani nasi, kichwa kafunika, akanyamaza vizuri kuliko wengi wetu waliokuja kulia. Mimi kwake mwisho wangu ulikuwa jikoni.

Basi nikajitolea fatwa mwenyewe bila kumsumbua shehe yeyote. Kumsindikiza jirani si kuabudu, kutazama si kusujudu, na macho hayana pazia. Nikaiona fatwa imekaa sawa. Ningeitoa hata kwa wengine, kama wangeniuliza.

Dada, kwa kunijua, alijaribu kunitayarisha. "Njoo nikueleze yatakavyokwenda," akasema. "Kwanza wataimba, halafu itakuja taa, sasa ile taa—"

"Dada," nikamkata, "mie si mtoto. Nimeingia majumba ya watu wa kila kabila. Mtu mwenye adabu zake hapotei."

Na hapa sharti nieleze kiburi changu kilipata wapi chakula. Katika mtaa wetu, harusi ikiwa na wanawake mia, anayeshika chetezo cha kufukizia wageni nguo ni mimi. Udi nauchagua mimi, makaa nayapuliza mimi, na ninajua nani afukizwe kwanza, nani apitishiwe upesi kwa sababu ana pumu, na nani anayejifanya hataki ili abembelezwe. Mtu aliyefika cheo hicho hafundishwi namna ya kukaa kwenye shughuli. Wahenga wametuambia kuuliza si ujinga. Hawakusema kutouliza ni nini, nadhani waliona haya kulitaja.

Siku yenyewe niliswali Magharibi kwa haraka ambayo siwezi kuisifu, nikavaa buibui langu jipya, zawadi ya binti yangu aliyeko Dar, jepesi, lenye upindo mpana na nakshi za kumetameta. Nikajipaka mafuta mazuri. Nikajiambia kwamba kijana akiniona tu ataona mtu wa kutegemewa.

Alikuwa mlangoni ananingoja na mama yake. Mtu mzima, mvi zimeanza, amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vya kukimbilia. "Shikamoo mama," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimeshika kutu huko baridini, lakini adabu haikushika. Nikamwitikia, nikamshika dada mkono, tukaanza safari. Yeye akafuata nyuma, simu mkononi, anatutazama tunavyokwenda. Nilikuwa sijatahiniwa tangu darasa la saba.

Kwa hiyo nikaongea. Nikaongea kwa sauti ya mbele kusudi isikike nyuma. "Hapa pana jiwe, dada."

"Nalijua."

"Hapa njia imepinda."

"Imepinda tangu ukoloni," akasema. "Na hapo mguuni kwako pana mtaro."

Mtaro ulikuwapo kweli, na mguu wangu mmoja ulikuwa tayari juu yake, hewani. Akanivuta. Nikacheka kicheko cha mtu ambaye alikuwa anatania tu, nikageuka kumtazama kijana. Kitu kilikuwa kimeandikwa usoni mwake, nami sikutaka kukisoma.

Muuza mihogo ya kukaanga aliyeko kona aliniuliza, "Mama, leo njia hii?" Nikamjibu kwamba namsindikiza jirani. Hakuwa ameuliza zaidi, lakini nilirudia mara ya pili, kwa sauti ya kutosha kufika hadi msikitini.

Mlangoni pa hekalu tukavua viatu. Nilipoinama kuviweka vyangu kando ya vyao, ikanipanda kooni ile methali yetu: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Sijui kwa nini ulimi wetu hauwezi kuona jambo bila kulitafutia methali. Nimeitumia maisha yangu yote bila kufikiri kwamba kuna Baniani mwenye masikio anayesikia. Nikaibadilisha kuwa kikohozi, kikohozi kirefu, mpaka kijana akaniuliza kama nataka maji.

"Hana kikohozi," dada akasema. "Sema tu, mdogo wangu, utapasuka. Mie mwenyewe huitumia nikimsengenya yule wa duka la vitambaa."

Ndani palikuwa safi, sakafu ya baridi, kuta nyeupe, taa za umeme na taa za mafuta pamoja. Mbele, nyuma ya kizuizi kifupi, zilikaa sanamu zao zimevikwa nguo za rangi na mashada ya maua. Kilichonishangaza ni harufu. Yalikuwa asumini, asumini yetu yaleyale tunayosokotea vikuba vya kifuani, na ubani uleule, na nikahisi niko kwenye shughuli ninayoijua. Hilo ndilo lililoniponza. Ningeingia mahali penye harufu ngeni, ningekaa kwa tahadhari.

Watu walikuwa wachache. Wazee kadhaa walikaa kwenye viti vya plastiki, wanawake upande mmoja wakiwa chini kwenye mazulia, na mtoto mchanga amelala begani kwa mama yake. Palikuwa na nafasi nyingi nyuma, mahali panapomfaa mtazamaji. Mimi nilimwongoza dada hadi mstari wa mbele kabisa, nikaketi naye. Kwenye shughuli sijawahi kukaa nyuma. Kijana akasimama upande wa wanaume, akainua simu. Dada akaninong'oneza kwamba mwanawe anamwonyesha ndugu yake wa kike wa huko ng'ambo, na mashangazi, moja kwa moja. Nikanyoosha mgongo. Nikajitengeneza mtandio.

Baragumu la kombe likalia, kengele zikafuata, na ngoma ndogo, na kuhani, mzee mwembamba aliyevaa nguo nyeupe, akasimama mbele ya sanamu na sahani ya shaba yenye tambi za pamba zinazowaka kwenye samli. Akawa anaizungusha polepole huku watu wanaimba. Niliazimia kukaa kama mti. Lakini wimbo ule una mwendo, na mimi ni mtu wa ngoma za harusi. Kabla sijajua, bega langu la kushoto lilikuwa limeshaingia. Nikaliita lirudi. Likaingia la kulia.

Ndipo nikamsikia dada. Alikuwa ameinua uso, jicho lake bovu na jicho lake zima yote yamefumbwa, na anaimba. Sikujua kwamba ana sauti. Miaka yote ile ukutani namsikia akibishana na muuza samaki, akimwita paka, akinisema mimi kwa kuacha bomba wazi, na kumbe kila jioni alikuwa anabeba sauti ile mpaka huku, halafu anarudi nayo kimya. Ilikuwa ya juu, nyembamba, isiyotetemeka, na wanawake wengine walikuwa wameinyamazia kidogo ili iwatangulie. Niliona uchungu, na nitausema kama ulivyokuwa: niliona wivu kwanza, kwa kuwa nilikuwa nadhani nayajua yake yote, kisha niliona hofu. Nikawaza kwamba atapelekwa kwenye ghorofa fulani yenye madirisha yasiyofunguka, na sauti hii ataiimbia nani huko? Nikamtazama yeye tu. Machozi yakanijaa. Sikuangalia wengine wanafanya nini.

Wimbo ukaisha. Kijana mmoja wa kiume, mwenye umri wa kuoa, akaichukua sahani kutoka kwa kuhani akaanza kuizungusha kwa watu. Na kwa kuwa nilikuwa mgeni, na nilikuwa nimejiweka mbele ya kila mtu, akaona ni heshima anianze mimi. Akaniinamia, sahani mkononi, vimoto vidogo vinawaka, harufu ya samli na ubani inapanda.

Sasa, mwanamke yeyote wa pwani aniambie angefanya nini. Nimeketi kwenye shughuli, nimevaa buibui jipya, mtu ananiletea chombo kinachofuka manukato. Nilisema "ahsante, mwanangu," nikaipokea sahani kwa mikono yote miwili, nikaiweka juu ya zulia mbele ya magoti, nikainua upindo wa buibui, nikaifunika. Kisha nikajitikisa kidogo, hivi, ili moshi upande vizuri mpaka kwapani. Nilifumba hata macho.

Ukumbi ukanyamaza. Nilidhani wananyamaza kwa heshima.

Udi ni makaa. Samli ni moto. Tofauti hiyo niliijua, ninaijua tangu utoto, lakini akili yangu ilikuwa huko ghorofani ng'ambo na mikono yangu ilikuwa harusini. Kilichonizindua ni harufu ya plastiki. Buibui langu la nakshi, ambalo binti yangu aliapa ni hariri, lilikuwa linajikunja na kuyeyuka. Nikafumbua macho nikaona shimo limefunguka kwenye upindo, linakua, na kingo zake ni nyekundu.

Nimehudhuria misiba na mafuriko na sikuwahi kupiga kelele. Hapo pia sikupiga. Nilisema tu, "Jamani," kwa sauti ndogo sana.

Aliyenifikia wa kwanza alikuwa dada, yule asiyeona jioni. Aliivuta sahani kwa mkono mmoja ikatoka salama, na kwa mwingine akaukamata upindo, akaukunja, akaubana kati ya viganja mpaka moto ukafa. Kisha akaushika tena, akaupapasa wote kwa vidole kuhakikisha, akanigusa goti, akanigusa mkono. "Umeungua?" akauliza. Nikasema sijaungua. Akaniuliza tena. Akampa yule mtu sahani yake, akasema maneno mafupi kwa Kigujarati, na bibi mmoja mnene nyuma yetu akaanza kucheka. Alijaribu kujizuia, Mungu amlipe, akashindwa, na akawaambukiza wengine. Hata kuhani aligeukia sanamu zake kwa muda mrefu, mabega yanamtikisika.

"Umewaambia nini?" nikamwuliza dada.

"Nimewaambia kwenu ndivyo anavyofanyiwa bibi harusi."

Yule bibi mnene, akijifuta macho, akanionyesha wao wanavyofanya: sahani ikimfikia mtu, hapokei, anapitisha viganja juu ya ule moto kidogo tu, kisha anavipeleka usoni na kichwani. Basi. Hata mtoto mchanga alipitishiwa viganja, akapiga mwayo. Taa iliendelea na mzunguko wake, na iliporudi upande wetu nikaona imenipita kwa mbali kidogo. Mwishoni tuligawiwa vipande vya ndizi na vitamtamu vilivyobarikiwa. Mimi nilipewa mara mbili. Nilipokea kwa mkono wa kulia, na suala la kula au kutokula tutalimaliza mimi na Mola wangu.

Lakini sikuwa na hamu ya kucheka. Nilikuwa nimemwona kijana wa dada. Simu ilikuwa bado juu, ameisahau mkononi, na kutoka ndani yake zilitoka sauti za mashangazi wa mabara mawili zikipiga kelele zote kwa pamoja. Hakuwa akizijibu. Alikuwa ananitazama mimi, kisha mama yake, kisha shimo. Nikajua nimeiua kesi ya dada yangu kwa mikono yangu miwili.

Nje tukaketi kwenye benchi la saruji kuvaa viatu. Nikaanza hotuba. Nikasema mwanangu, kosa ni langu peke yangu, mama yako hana kosa, kwa kawaida mimi ni mtu mwangalifu, waulize watu, mimi ndiye ninayeshika chetezo katika—

"Mama," kijana akamwambia mama yake, kwa upole, kwa kile Kiswahili chake chenye kutu, ili nami nisikie na isiwe kusengenywa. "Huyu ndiye uliyesema ataniondolea wasiwasi? Huyu ndiye atakayekuangalia?"

Dada alikuwa anatafuta kidole cha mguu wake kwenye kandambili. Hakuinua kichwa.

"Nani alisema ataniangalia?" akasema. "Nilikwambia tunakwenda pamoja. Sasa umejionea. Nikiondoka mimi, huyu atabaki na nani?"

Niliona damu inanipanda usoni. Mimi? Mimi mwenye nyumba yangu, mwenye watoto wanaonipigia simu kila Ijumaa, ninayezika na kuozesha mtaa mzima, niangaliwe kama mwali? Jibu lilikuwa tayari mdomoni, na lilikuwa jibu zuri, lenye methali mbili. Kisha nikafahamu anachokifanya. Alikuwa amefungua mlango pale ambapo mimi nilikuwa nimejenga ukuta, na kilichobaki ni mimi kuinama nipite. Nikaona sawa. Heshima yangu si ilikwisha kuungua? Uongo mdogo wa kumsaidia jirani hauna ubaya.

"Ni kweli, mwanangu," nikasema. "Mimi bila mama yako—"

Nilikusudia kusema mengine, ya kupamba. Sauti haikuja. Nikaona mbele yangu asubuhi moja tu, ile ambayo nilikuwa nimekataa kuifikiri, mimi nimesimama uani na ndoo, nimeshasema shikamoo yangu. Nikalia pale kwenye benchi, na buibui lenye shimo, mbele ya mlango wa hekalu na mbele ya watu wanaotoka, nalia kwa kelele kama mtoto aliyeachwa sokoni. Wala haukuwa uongo. Katika yote niliyomwambia kijana yule jioni ile, hiyo nusu ya neno ndiyo pekee ya kweli.

Dada alinishika mkono, wala hakuupapasa ili aupate.

Kijana akaizima simu, mashangazi wakanyamaza. Akaketi upande wangu wa pili, akangoja mpaka nikamaliza kupenga kamasi.

"Kesho mtatoka saa ngapi?" akauliza.

"Akishamaliza kuswali," dada akamjibu.